Mwalimu Asomwe, Asisikilizwe Tu

Nawasalimu nyote mlioko kata ya Kemambo: ninyi wa Kewanja na Kerende, ninyi wa Nyamongo senta mnaonisikiliza mkiwa dukani, saluni, au mmeegesha bodaboda mkisubiri abiria. Nawasalimu majirani zetu wa Matongo na Nyamwaga, na ndugu zetu wa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti mpaka Mugumu.  Karibuni tuzungumze.

Juma hili lina tarehe 14 Oktoba. Mnajua maana yake: ni kumbukumbu ya kifo cha Mwalimu. Tangu asubuhi redio zinapiga sauti ya Mwalimu Julius Nyerere, ile sauti nyembamba inayopanda anapouliza swali, halafu umati unacheka, halafu anauliza tena. Na kwenye simu ni hivyo hivyo. Mtu anapata kipande cha nusu dakika, anakituma kundi la ukoo, kutoka ukoo kinakwenda kundi la kwaya, hadi jua linazama kimezunguka Tarime nzima. Mimi sikatai jambo hilo. Sauti ile inanigusa kila ninapoisikia. Lakini leo nimekuja na swali moja, na naomba tukae nalo jioni hii. Tunamsikiliza Mwalimu, sawa. Je, tunamsoma?

Narudia, maana wengine ndio kwanza mnafungulia redio. Tunamsikiliza Mwalimu. Je, tunamsoma?

Naliuliza swali hili hapa Kemambo kwa makusudi. Mwalimu ni mtu wa mkoa wetu. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge pale Musoma mwaka 1934, na amezikwa nyumbani kwao Mwitongo. Kutoka hapa hadi kaburini kwake ni safari ya siku moja, kwenda na kurudi. Lakini ujirani peke yake hautoshi. Kuna wilaya nyingi Tanzania zilizo mbali na Butiama ambako wamemsoma kuliko sisi. Ninachotaka kusema ni kwamba mambo aliyoyaandika huyu mzee ndiyo haya haya tunayogombania sisi kila siku kwenye vibanda vya chai. Ardhi ni ya nani? Dhahabu iliyo chini ya ardhi ni ya nani? Fedha ikija kijijini inafanya nini? Kiongozi anaruhusiwa kuwa na nini? Yote hayo aliyaandika, tena mengi aliyaandika kwa Kiswahili chepesi, kwa ajili ya mtu wa kijijini aliyeishia darasa la nne.

Tuanze na ardhi, maana hapo ndipo panapotuuma.

Mwaka 1958, wakati nchi bado iko chini ya Waingereza, serikali ya kikoloni ilileta pendekezo kwamba Mwafrika apewe ardhi iwe mali yake kabisa, awe na uwezo wa kuiuza kama anavyouza mbuzi. Kwa juu juu ni pendekezo zuri, sivyo? Nani asiyependa kupewa? Mwalimu, akiwa rais wa chama cha TANU, mwenye umri wa miaka 36, akaandika kijitabu kulipinga. Jina lake *Mali ya Taifa*. Hoja yake nitaieleza kwa maneno yangu, nanyi mkaisome kwa maneno yake. Anasema ardhi hakuna mtu aliyeiumba. Mtu anachokileta ni jasho lake. Ukifyeka pori ukalima, kilicho chako ni ile kazi uliyoifanya, na shamba litabaki lako kadiri unavyolitumia. Halafu anatazama mbele. Anasema, katika nchi ambayo wenyeji ni maskini na wageni ni matajiri, ukiruhusu ardhi iuzwe kama bidhaa, itafika miaka 80 au 100 ardhi yote imehamia mikononi mwa wenye fedha. Na wala hasemi tatizo ni wageni tu. Anasema hata pasingekuwa na mgeni hata mmoja, wangetokea wenyeji wachache, wajanja, wakainunua yote, na wenzao wakabaki wapangaji katika nchi yao.

Haya, piga hesabu mwenyewe. Chukua 1958, ongeza 80. Unapata 2038. Si mbali.

Sasa tuje hapa nyumbani. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002. Tangu hapo, kila panaposikika habari kwamba eneo fulani litachukuliwa, nini kinatokea? Mnakijua, na neno lake mnalo: tegesha. Usiku mmoja shamba tupu linaota nyumba za mabati. Miche ya miti inapandwa imebanana kiasi kwamba hata mbuzi hapiti katikati. Wanakuja wathamini na kanda ya kupimia, mwenye eneo anasimama mbele ya ukuta ameshika kibao chenye namba, anapigwa picha, anajaza fomu ya madai. Halafu ni kusubiri fidia. Wengine wamesubiri mpaka nyumba yenyewe imeanguka, na shamba halikulimwa miaka yote hiyo.

Sitaki kumtukana mtu wa tegesha. Nimekaa na watu hawa, nawafahamu. Mtu akiona kila mwaka kuna kitu kinaondoka kwenye ardhi yake na yeye amebaki na vumbi la barabara, atatafuta njia ya kupata chochote. Ninachouliza ni hiki. Kijitabu cha Mwalimu kingetuambia nini siku ya mkutano wa kijiji, kabla kanda ya mthamini haijakunjuliwa?

Kingetuambia kwanza kwamba thamani inatokana na kazi. Nyumba isiyolaliwa na mtu, mti uliopandwa ili ukatwe, hiyo si kazi kwa maana ya Mwalimu. Hapo anatukemea sisi. Lakini kingetuambia pia kwamba ardhi ikishageuka kuwa kitu cha kubadilishana na fedha, mwenye fedha kidogo ndiye atakayeishiwa kwanza. Hapo anatulinda. Mnaona? Kijitabu kimoja kinatukemea na kinatulinda kwa wakati mmoja. Hilo hutalipata kwenye kipande cha nusu dakika.

Na hapa naomba wazee na vijana mnisikilize vizuri, kwa sababu kuna jambo zito. Fikra ile ya 1958 ndiyo iliyojenga sheria zetu. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa moja kwa moja ulifutwa, na mpaka leo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba yetu. Lakini fikra hiyo ina upande wake mgumu. Ukisema ardhi tupu haina bei, na kwamba chenye bei ni maendelezo tu, yaani nyumba, mazao na miti, maana yake nini kwa mama mwenye ekari tatu za malisho alizorithi, ambazo hajajenga kitu juu yake? Maana yake ni kwamba zikichukuliwa, analipwa kidogo sana au halipwi. Kwa miaka mingi ndivyo ilivyokuwa katika nchi hii. Ndiyo maana sheria za ardhi za mwaka 1999, ile Sheria ya Ardhi na ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zikaja na msimamo kwamba haki juu ya ardhi ina thamani, na thamani hiyo ihesabiwe kwenye fidia.

Kwa hiyo, wapendwa, tumebakiza sehemu ya fikra ya Mwalimu na tumebadilisha sehemu. Nadhani tulifanya vizuri kubadilisha. Nadhani pia tulifanya vizuri kubakiza. Lakini nauliza: ni wangapi kati yetu tunaoingia kwenye mkutano mkuu wa kijiji tukijua ipi imebaki na ipi imebadilika? Mtu anayejua hilo haburuzwi na dalali, wala haburuzwi na ofisa.

Tusonge kwenye dhahabu.

Watu husema Mwalimu hakuwa na habari na madini. Si kweli. Alikulia karibu na dhahabu. Buhemba kuna dhahabu, Kiabakari kulikuwa na mgodi, na kote huko si mbali na Butiama. Mgodi wa Kiabakari ulifungwa mwaka 1966. Mwaka uliofuata, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Na ukilifungua Azimio, kwenye orodha ya njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya wakulima na wafanyakazi, utakuta ardhi, misitu, maji, na madini yamo. Yametajwa kwa jina.

Lakini sehemu ya Azimio ambayo ningependa kila mjumbe wa halmashauri ya kijiji aisome si hiyo ya orodha. Ni ile inayozungumzia fedha. Nisikilizeni kidogo. Mwalimu anaeleza jinsi mambo yalivyokuwa Bungeni. Mbunge anasimama anaomba barabara, jibu ni fedha. Mwingine anaomba maji, jibu ni fedha. Mwingine shule, mwingine hospitali, jibu ni lile lile, fedha. Halafu anageuka anauliza: kama fedha hatuna, na maskini hana fedha ndiyo maana anaitwa maskini, kwa nini tumechagua fedha iwe silaha yetu? Hoja yake ni kwamba fedha ni matunda. Mti wenyewe ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na kazi inayofanywa kwa juhudi na maarifa.

Sasa kumbukeni mkutano wa mwisho wa kijiji mliohudhuria. Zahanati? Tusubiri fedha za mgodi. Madawati? Fedha za mgodi. Kivuko cha mtoni? Fedha za mgodi. Sisemi fedha hizo tusizidai. Tuzidai, tena kwa sauti. Ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri ya wilaya ni haki, na tangu 2017 sheria inautaka mgodi kupanga huduma za jamii pamoja na halmashauri, na tuna haki ya kuuliza kila shilingi imetua wapi. Lakini Azimio linauliza swali linalotangulia hayo. Mgodi huu una mwisho. Kila mgodi una mwisho, Kiabakari ulikuwa nao. Siku hiyo, Kemambo itakuwa imebaki na nini mkononi? Ni fundi gani atakuwa amefundishwa? Ni shamba gani litakuwa bado linalimwa?

Vijana wa sekondari wananiuliza: huu mfumo wa sasa, serikali kuwa na hisa 16 kwa mia kupitia kampuni ya Twiga tangu 2019, Mwalimu angeukubali? Nawajibu: msinitume mimi kumsemea marehemu. Someni Azimio, halafu simameni darasani mjadiliane. Mmoja aseme ndiyo, mwingine aseme hapana, kila mmoja aonyeshe ni ibara gani inambeba. Mjadala huo ungenifurahisha kuliko hotuba mia za kumsifu.

Nitapita haraka kwenye suala la viongozi, maana hilo mnalijua. Azimio liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikailegeza miiko hiyo. Basi. Ukipita senta ukahesabu nyumba za kupangisha na kuuliza wenyewe ni akina nani, utaelewa kwa nini sehemu hiyo haisomwi sana siku hizi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengine hawatapenda nililete juma hili. Lakini kumsoma mtu kwa heshima ni kumsoma hata pale anapojipinga.

Mwaka 1967 Mwalimu aliandika *Ujamaa Vijijini*. Mwaka 1968 akaandika *Uhuru na Maendeleo*. Katika maandiko hayo anasema wazi, tena kwa kurudia, kwamba mtu haendelezwi na mwingine, anajiendeleza mwenyewe. Anasema kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu, watu lazima waelewe na wakubali. Ni maneno mazuri sana. Halafu Novemba 1973 akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Zikaja operesheni za kuwahamishia watu vijijini. Mkoa wetu wa Mara haukuachwa. Wazee mnaonisikiliza mnakumbuka malori, mnakumbuka nyumba zilizoezuliwa, mnakumbuka wengine waliohamishwa kutoka kwenye migomba yao na makaburi ya baba zao. Na mnakumbuka pia kwamba baadaye shule ilikuja, kisima kikaja, na mtoto wa kike akapata darasa. Vyote viwili ni kweli, na mtu asiwalazimishe mchague kimoja.

Ninachosema ni hiki. Tunawezaje kujua kwamba operesheni zilikwenda kinyume? Tunajua kwa sababu yeye mwenyewe aliandika mapema kipimo cha kumpimia. Aliacha maandishi. Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka 10, akaandika tena, akasema Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea, akataja makosa yaliyofanyika. Kiongozi anayeacha maandishi anawapa raia wake fimbo. Sisi fimbo hiyo tumeiweka juu ya kabati.

Kuhusu hotuba, nisieleweke vibaya. Hotuba zake ni hazina, na alikuwa bingwa wa jukwaa. Huyu ni mtu aliyekaa akaitafsiri tamthilia ya Shakespeare, *Juliasi Kaizari*, ikachapwa mwaka 1963 akiwa Rais wa nchi. Aliyefasiri maneno ya Antonio mbele ya maiti ya Kaizari anajua fika ulimi unavyoweza kuugeuza umati kwa dakika chache. Ndiyo maana katika hotuba zake anauliza, ananyamaza, anarudia, mpaka msikilizaji analijibu swali mwenyewe.

Chukua ile ya Machi 1995, pale hoteli ya Kilimanjaro, mbele ya waandishi wa habari. Vipande vyake mmevisikia wote. Anazungumzia nyufa za nchi: Muungano unatikiswa, sheria zinapuuzwa, rushwa, ukabila, udini. Kila mtu anapenda kipande cha rushwa, kwa sababu kila mtu anafikiri kinamhusu jirani. Kipande cha ukabila hakizunguki sana hapa kwetu. Kwa nini? Si tulizikana kwa ajili ya mipaka ya koo na ng'ombe, na mishale ikawa inaruka kati ya watu wanaooana? Msikilize yote, mwanzo mpaka mwisho, utaona kwamba kila ufa ameuunganisha na mwenzake: nchi isiyojali sheria inaalika rushwa, na mtu asiye na hoja anakimbilia kabila lake. Kwenye ritongo, baraza letu la jadi, mzee akisimama kusema, hakatizwi. Watu wanakaa mpaka amalize, ndipo mwingine anasimama. Mbona huyu mzee wetu tunamkata kila siku kwenye simu, tunachukua sentensi iliyotupendeza na kumnyamazisha? Ni kunywa mchuzi na kuuacha ugali sufuriani, halafu kulalamika njaa.

Kuna kijana wa bodaboda aliniambia, “Mura, vitabu hivyo viko wapi? Hapa Nyamongo duka la vitabu sijaliona.” Anasema kweli. Ni aibu yetu sote kwamba katika kata inayochimbwa dhahabu, mtu akitaka kusoma Azimio la Arusha hajui aanzie wapi. Kwa hiyo tuliongee jambo hili kwa vitendo. Nyumba nyingi za wazee waliokuwa makada wa TANU, walimu wa zamani, makatibu wa ushirika, zina sanduku, na ndani ya sanduku, chini ya kadi za chama na picha za harusi, kuna vile vijitabu vyembamba vya karatasi iliyogeuka rangi ya chai, pini zimeshika kutu. Vitafuteni. Makumbusho ya Mwalimu pale Butiama yako wazi, shule zetu zipange safari. Na wenye simu zile zile zinazosambaza vipande, maandiko mengi yanapatikana, wekeni kundi moja liwe la kusoma. Kurasa mbili kwa juma zinatosha.

Nimezungumza na walimu wawili watatu, wako tayari. Nasi hapa redioni tumekubaliana kwamba kuanzia juma lijalo nusu ya kipindi hiki itakuwa ya kusoma pamoja. Tutaanza na *Tujisahihishe*, kijitabu cha mwaka 1962. Nimekichagua kwa sababu ni kifupi, na kwa sababu hakiwasemi Waingereza wala mabepari. Kinawasema wanachama wa TANU wenyewe, chama chake, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru, wakati kila mtu angali anacheza ngoma. Anawaambia kwamba ukweli haumwogopi mkubwa wala haumwonei mdogo, na ukiudharau utakuja kukudai. Anawakemea wanaopima hoja kwa kuangalia nani kaisema badala ya kuangalia kimesemwa nini. Anawakemea walioacha kujielimisha kwa sababu wamepata vyeo.

Naomba wenyeviti wa vijiji na wajumbe wa kamati za ardhi mje studio siku hiyo. Waje pia akina mama wa vikundi vya kukopeshana, maana wao mikutano yao naifahamu, mtu anasahihishwa mbele ya wote na kesho yake anakuja tena. Mwenye nakala ya *Mali ya Taifa* au *Azimio* nyumbani aje nayo, tutaipiga nakala na kumrudishia yake siku hiyo hiyo. Na mwenye hoja ya kumpinga Mwalimu aje nayo pia, ila aje na ukurasa.

Ni juma lijalo, siku kama ya leo, saa hii hii.